Wachangiaji Wanataka Vitufe, Shangazi Anataka Kushona

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaongeza kitufe kingine, maana nikiongeza kimoja tu zaidi nadhani simu itapasuka na mimi nitapasuka nayo.

Mimi ni msichana ninayetengeneza programu za simu, sina kampuni wala bosi, nina kompyuta moja na meza ndogo kwenye pembe ya duka la shangazi yangu ambaye ni fundi cherehani, na nimehamia pale kwa sababu nyumbani kuna watu wanaoamini kwamba mtu anayetazama kompyuta hana kazi na anaweza kutumwa sabuni wakati wowote. Nilianza kwenda pale siku za mapumziko tu, nilipokuwa bado nimeajiriwa kwenye ofisi inayotengeneza mifumo ya hoteli, nikawa namtazama shangazi anavyohangaika, anampima mteja, anaandika vipimo kwenye kipande cha boksi, kipande kinapotea chini ya vitambaa, mteja anarudi anapimwa upya, na akikuta kiuno kimeongezeka anamnunia shangazi kana kwamba futi ya kupimia ndiyo iliyomnenepesha. Basi nikamtengenezea programu. Unaandika jina la mteja, kifua, kiuno, mkono, urefu, inakutunzia, halafu inakwambia ununue kitambaa kiasi gani na vipande uvipange vipi kabla ya kukata ili kitambaa kisipotee bure. Hiyo tu, mshauri, hakukuwa na kingine. Shangazi akaipenda, akawaonyesha mafundi wenzake mtaa mzima, wakaipenda, nikawa nikipita njiani nasikia "fundi wetu huyo!" nami navimba kichwa, sikufichi.

Kisha ikaja kampuni moja ikataka kuinunua iwe inawatoza mafundi kila wanapompima mtu, nikakataa, shangazi akanikumbatia mpaka pini alizobandika kifuani zikanichoma, na rafiki yangu mmoja akaniambia kuna ukurasa mtandaoni ambako mtu kama mimi anaeleza kazi yake na wanaoipenda wanamchangia kidogo kidogo kila mwezi, huyu hela ya soda, yule hela ya nauli, ili aendelee kuitengeneza na wengine waendelee kuitumia bure. Nikajirekodi video pale pale dukani, cherehani inalia nyuma yangu, nikaeleza kila kitu vizuri, na hapo hapo nikafanya kosa lililonileta kwako, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba hakuna mtu atakayetoa hela yake bila kupata kitu, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba KILA MCHANGIAJI ATAOMBA JAMBO MOJA NAMI NITALIWEKA KWENYE PROGRAMU.

Mshauri, watu walikuja. Walikuja wengi mpaka nikaacha kazi ofisini, na bosi wangu akacheka akaniambia kiti changu hakiondoki, nikimaliza kucheza nirudi. Wengi wa hao wachangiaji, nikisema ukweli, hawajaomba chochote mpaka leo, nadhani hawakusoma vizuri au wamesahau, lakini walioomba, waliomba kweli kweli. Muuza maua aliomba maua yawe yanadondoka kwenye kioo cha simu kila programu ikifunguliwa. Mzee mmoja mstaafu wa benki aliomba vipimo vionekane kwa inchi, kwa sentimita na kwa shubiri, kwa sababu babu yake alipimia shubiri, na shubiri ya mkono wa nani hakusema. Mpiga picha aliomba kila mteja awe na picha kubwa, mwenye saluni akaomba wateja wawili waonekane bega kwa bega ili fundi awalinganishe, kuwalinganisha ili iweje sikuuliza, niliweka tu. Fundi viatu akaomba unyayo. Mimi kila ombi naliingiza, nashukuru, natangaza, na nikitangaza wanakuja wengine, nikawa najiona nimepatia maisha.

Sasa kuna mjomba wangu. Huyu alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, yule anayetangaza basi gani linaondoka na nani amesahau mzigo, na hata baada ya kustaafu hajawahi kuteremsha sauti, kwa hiyo ukoo mzima tunamwita Kipaza. Mjomba Kipaza alichanga, akawachangisha majirani zake, akafungua kikundi cha wachangiaji kwenye simu, akajiteua mwenyekiti, na ombi lake lilikuwa kwamba kila fundi akimaliza kukata nguo, simu iseme "Hongera, fundi! Kazi safi! Mwingine ajeee!" kwa sauti yake mwenyewe. Nilijaribu kumwambia kwamba pengine fundi angependa utulivu, akanijibu, "Mpwa wangu, mtu akichanga lazima asikike." Nikaweka. Sasa ukipita mtaa wa mafundi mchana unasikia mjomba anapongeza watu kila mlango, na kuna mteja mmoja aliruka akadhani amekanyaga mtu.

Kadiri wachangiaji walivyoongezeka nikaanza kuwarekodia video kila wiki kuwaonyesha ombi la nani limeingia, na kwa kuwa mwanga mzuri unatoka dirishani nikaigeuza meza yangu, zamani ilikuwa inatazamana na meza ya kukatia ya shangazi, sasa inatazama dirisha na shangazi anabaki nyuma yangu, kwenye video anaonekana kama pambo. Ndiyo maana sikuona siku lilipotokea la kutokea.

Shangazi alikuwa anamshonea nesi mmoja gauni la kwendea mahafali ya binti yake, kitambaa kizuri alichokileta mwenyewe, hakuna kingine kama hicho. Akafungua programu, maua yakaanza kudondoka, nesi akatokea upande mmoja na msichana wa shule mwenye mikono mifupi akatokea upande wa pili, bega kwa bega kama alivyotaka mwenye saluni, ua moja likasimama juu ya majina, na shangazi akasoma mkono wa msichana akakata gauni la nesi. Nilisikia mkasi ukisimama. Nilisikia shangazi anavuta pumzi. Kisha simu ikasema, "Hongera, fundi! Kazi safi! Mwingine ajeee!"

Mshauri, nilitamani sakafu inimeze. Shangazi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliuita ule mkono wa gauni "mtindo," akaukata vizuri juu ya kiwiko, akaweka pindo la kuvutia, na nesi alipokuja akajigeuza mbele ya kioo akasema amependeza kuliko alivyotarajia, akaondoka anacheka. Lakini baada ya nesi kuondoka shangazi alichukua ile simu akaiweka kwenye droo ya vifungo, akavaa futi yake shingoni, akatafuta kipande cha boksi. Nikamwuliza, "Shangazi, simu iko wapi?" akanijibu, "Imepumzika, mwanangu. Na wewe pumzika kidogo, kuna chai kwenye chupa." Mpaka leo haijatoka kwenye droo. Hata yeye ni mchangiaji, alijiandikisha siku ya kwanza kabisa, hajawahi kuomba kitu, na mwezi uliofuata baada ya lile gauni mchango wake uliingia kama kawaida, nikaliona jina lake kwenye orodha nikaona aibu nikafunga kompyuta.

Ninachojua ni kwamba programu niliyomtengenezea shangazi, shangazi haitumii. Nimejaribu kufikiria kuondoa vile vitu vyote, lakini niliahidi kwa herufi kubwa, na wachangiaji wakikasirika wakajitoa nitalazimika kurudi kwenye kile kiti ambacho bosi ananitunzia huku anacheka, na programu itakosa mtu wa kuitunza, na ile kampuni bado inanipigia simu. Kwa hiyo nimepata wazo, na ndilo ninalotaka uniambie kama ni zuri. Nimeanza kutengeneza kimya kimya programu ya pili, safi kabisa, haina maua wala mjomba, niiweke kwenye simu ya shangazi peke yake, na wachangiaji niwaachie ile yao yenye kila kitu, kila mtu afurahi na asijue ya mwenzake. Tatizo ni kwamba Mjomba Kipaza ameandaa siku ya wachangiaji kuja dukani kushuhudia toleo jipya, ameshaazima spika, ameshatangaza, na amewaambia kwamba shangazi ndiye atakayewaonyesha jinsi mafundi wanavyoifurahia. Shangazi hajui. Nimwombe aigize tu kwa siku moja? Au niumwe siku hiyo?

Wako katika vitufe,
Fundi wa Programu Pembeni mwa Cherehani

*

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, pole. Umeshaipokea? Haya, sasa kaa vizuri nikugombeze, maana shangazi yako ni mpole mno na kazi hiyo imeniangukia mimi.

Kwanza nikupongeze, tena kwa sauti yangu ya kawaida, bila spika. Umetengeneza kitu ambacho watu wazima wenye kazi zao wanakihitaji, umekataa kukiuza kwa watu wa kuwakamua wenzako, na umewaamini watu usiowajua wakuweke mjini kwa hela ya soda. Wamekuamini pia. Ni jambo zuri sana, na sitaki uliache.

Ila ulikuwa na haraka gani ya kuwalipa? Mtu anakuja kukuunga mkono, hajakaa hata kitako, wewe umeshamwekea kalamu mkononi unamwambia aagize. Uliogopa kwamba kazi yako peke yake haitoshi, ukaitundikia zawadi, na zile zawadi zimeifunika kazi. Anayenunua tiketi ya mpira anaipenda timu, lakini hateremki uwanjani kupiga penalti. Wewe umewaita wote uwanjani, ukawapa na viatu, sasa unashangaa golikipa amekwenda zake nyumbani.

Usiwalaumu hao wachangiaji. Muuza maua akiombwa aseme anachopenda atasema maua, ulitaka aseme nini? Mzee wa shubiri alimkumbuka babu yake. Waliambiwa waombe, wakaomba kwa moyo mweupe. Hakuna aliyekulazimisha. Kuna swali moja ambalo wewe ndiye uliyepaswa kumwuliza kila mmoja: "Hiki kitamsaidia vipi fundi aliyeshika mkasi?" Mwenye saluni ulikiri mwenyewe kwamba hukumwuliza, uliweka tu. Hapo ndipo ulipoacha kuwa fundi ukawa mhudumu wa mgahawa.

Sasa nisomee tena barua yako, pale ulipopita mbio. Umeandika kwamba wengi wa wachangiaji hawajaomba chochote, na ukadhani wamesahau au hawakusoma vizuri. Mwanangu! Watu wanaojua kuingia mtandaoni, kuandika namba zao na kutoa hela kila mwezi bila kukumbushwa, ndio washindwe kusoma herufi kubwa kama mabango ya sabuni? Walisoma. Hawataki kitu. Wanataka wewe ukae kwenye kiti, ufanye kazi unayoijua, na programu ibaki bure kwa mafundi. Wengi wao nadhani wana fundi wao mahali, na wamechoka kupimwa mara mbili. Hao ndio wanaokuweka mjini, na hujawarekodia video hata moja kwa sababu hawapigi kelele. Umeshinda ukiwahudumia wachache wenye maombi ukidhani ndio wote.

Kuhusu wazo lako la programu mbili, hapana. Hapana kabisa, na nakuandikia kwa herufi kubwa unazozipenda: HAPANA. Leo utamficha muuza maua, kesho utamficha mjomba, keshokutwa utakuwa unazitunza programu mbili kwa mikono miwili hiyo hiyo na uongo wa tatu juu yake. Tena fikiria ni ipi unayomfichia nani. Ile nzuri, ile unayoionea fahari, ndiyo unayotaka kuificha kwa watu waliokulipa uitengeneze! Wao uwape iliyoharibika, na wakushangilie. Huko ni kuwadharau, na najua hukukusudia. Hiyo safi ndiyo waliyoichangia. Iwe ya wote.

Kumwomba shangazi aigize, hata usitie mguu huko. Na ugonjwa wa uongo nao uache, utakuja kuumwa kweli siku hiyo hiyo nami sitaki kulaumiwa.

Utafanya hivi. Leo, kabla hujala, fungua ule ukurasa ufute ahadi yako. Andika kwamba mchangiaji yeyote anaweza kupendekeza, wewe utasikiliza, na kitakachoingia ni kile kinachomsaidia fundi. Kisha waandikie wote barua moja, fupi, kwa maneno ya kawaida. Waeleze habari ya nesi na mkono wa gauni kama ulivyonieleza mimi, na usimtaje mtu kwa ubaya. Waambie ulikosea kuahidi na kwamba unaondoa maua, picha kubwa, wateja wa bega kwa bega na shubiri, na atakayeona amedanganywa anaweza kujitoa, utamrudishia mchango wake wa mwisho na kumshukuru. Wachache watajitoa, na watajitoa kwa kishindo, na siku hiyo utalia. Lia, osha uso, endelea. Sidhani kama watakuwa wengi. Watu wengi wakisikia kwamba gauni liliharibika kwa sababu ya ua, watalitoa ua lao wenyewe. Fundi viatu mwache, ombi lake lina maana, ila unyayo utengenezewe mahali pake, usikae katikati ya viuno vya watu.

Tukija kwa Mjomba Kipaza, nakiri nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini. Mtu aliyeishi maisha yake yote akisikika stendi nzima, sasa yuko nyumbani anasikika sebuleni tu. Usimzime ghafla, atakauka. Mpe kazi. Nimefikiria, fundi akiwa anakata mikono yake yote miwili haina nafasi, kwa nini programu isimsomee vipimo kwa sauti ya mjomba, taratibu, kifua hiki, kiuno hiki, na pengine kuwe na kitufe cha kurudia, na kingine cha...

Umeona? Na mimi nimeanza kuomba vitufe, na sijachanga hata senti. Huu ugonjwa unaambukiza. Futa niliyosema, sauti ya mjomba itoke kwenye programu, na yeye mpe kipaza sauti siku ya wageni awakaribishe watu na kuwaonyesha pa kukaa, atafurahi mpaka basi, kisha afunge mdomo shangazi akianza kazi.

Maana siku ya wageni iendelee. Spika zimeshaazimwa, mambo yamependeza. Ila asiwepo mtu wa kuhutubia sifa za programu. Mteja mmoja asimame, apimwe, vipimo viingie, kitambaa kikatwe mbele yao, na wao watazame. Wachangiaji wako wengi hawajawahi kumwona fundi akikata kitambaa cha mtu ambacho hakuna kingine kama hicho. Wakiuona ule mkasi unavyoingia, hakuna atakayekumbuka maua. Kama shangazi yako atakubali, lakini. Na hilo linanileta kwenye jambo ambalo nimelihifadhi mpaka mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya barua za wanaume waliokimbiwa na za wanawake waliochoka.

Umesema kila mchangiaji ana ombi moja. Umesema pia shangazi yako ni mchangiaji, tangu siku ya kwanza, na hajawahi kuomba kitu. Umepokea ombi la mzee wa benki, umepokea la mwenye saluni, umepokea la mtu wa stendi. Shangazi yako, anayekaa nyuma yako siku nzima, na ambaye bila yeye usingekuwa na programu wala pembe ya kuiwekea, umemwuliza lini anachotaka?

Kesho ukifika dukani usifungue kompyuta. Chukua kiti cha wateja ukae mbele yake, umwambie, "Shangazi, wewe ni mchangiaji, ombi lako bado sijalipokea." Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu kwako. Akikwambia kitu kimoja, kifanye hicho kabla ya vyote. Akikwambia hataki kitu, mwombe akushonee shati, ujipimishe, na umtazame kila anachokifanya kuanzia futi mpaka pasi, kama ulivyokuwa ukimtazama zamani ulipokuwa huna mchangiaji hata mmoja na kazi yako ilikuwa nzuri. Simu itatoka kwenye droo yenyewe, usiishike wewe.

Na usione aibu tena ukiliona jina lake kwenye orodha. Mwezi ule simu yake ilikuwa imelala kwenye vifungo, programu yako haimsaidii chochote, kitambaa cha mteja kimeharibika mbele ya macho yake, na bado mchango wake uliingia. Hakuwa ananunua programu huyo mama. Alikuwa anakuchangia wewe uendelee kukaa pale.

Kwa hiyo anza na jambo dogo kabla ya mengine yote. Geuza meza.